Wagiriki wa Shamba la Nili, na Kaburi Nililolikosa Kithyoko

Ukitoka Thika ukashika njia ya Garissa, ndugu msomaji, utaipita Matuu, kisha utafika mji mdogo uitwao Kithyoko, katika Machakos. Ni soko la kando ya barabara. Kuna maduka ya mabati, mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya maji, na akina mama wanaouza ndengu, ambazo sisi watu wa pwani huziita pojo. Msafiri wa kawaida hunywa chai yake pale akaendelea na safari. Mimi nilishuka na mkoba wangu, kwa sababu Kithyoko ndipo alipofia babu yangu mzaa baba, mwezi wa Novemba mwaka 1961.

Babu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Kibokoni, Mombasa. Mwaka ule, na wazee watakumbuka, mvua ilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Mto Tana ulifurika, njia zikakatika, na watu wa kaskazini wakawa na shida kubwa ya chakula na bidhaa. Njia ya kupitia Garsen haikupitika, basi babu akazunguka kwa juu, akapanda mpaka Thika ili ateremke Garissa, na lori lake limejaa chumvi, tende na nguo. Alipofika Kithyoko homa ikampanda. Lori likakwama katika tope; mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Siku ya nne akafariki dunia. Wasafiri Waislamu waliokwama pamoja naye wakamwosha, wakamkafini kwa shuka mpya za bidhaa yake mwenyewe, wakamswalia na kumzika. Utingo wake alifika Mombasa baada ya wiki sita. Alichotuletea ni kofia ya babu na maneno machache: "Nimemwacha kando ya njia, chini ya mgunga."

Kwa miaka sitini na zaidi tukaishi na maneno hayo. Mwaka 2023 ndipo ukoo ulipokaa kitako kuzungumza juu ya kaburi hilo. Dada yangu mkubwa alitaka lijengewe vizuri, liwekewe jiwe na jina, ili wajukuu wapate pa kwenda kuzuru. Ndugu yangu mdogo, ambaye ni maalim wa chuo, akasema kwamba hadithi za Mtume (S.A.W.) zimekataza kujengea makaburi, na kwamba babu anahitaji dua wala hahitaji saruji. Maneno yakawa mengi, hata watu wakafika kuninuniana. Mimi nikatumwa nikalione kaburi kwanza, kisha ndipo tuamue.

Nikaulizia sokoni. Nikapelekwa kwa mama mmoja mzee, ambaye jirani zake humwita susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Mwaka wa mafuriko alikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili. Alipokwisha kunisikiliza alichukua fimbo yake, akaniongoza mpaka ukingoni mwa lami.

"Mwanangu," akasema, "ule mti ulikatwa zamani. Na barabara ilipopanuliwa, ilikula kipande hiki chote. Babu yako yuko hapa. Lakini hapa wapi, hakuna wa kukuonyesha."

Akainua mkono, na kiganja chake kikazunguka kutoka ghala la mahindi mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua. Nikasimama pale, malori yakinipitia na kunitupia vumbi, nisijue nielekee wapi kumsomea babu Fatiha. Na katika kusimama huko nikaikumbuka nyumba moja niliyoingia miaka mitano kabla ya siku ile, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Ilikuwa nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya wageni waliokufa ugenini, na makaburi yao hayajulikani. Nataka nikueleze habari za nyumba hiyo, msomaji wangu, kisha turudi Kithyoko.

MJI MKONGWE WA FLORIDA

Mwaka 2018 nilikwenda Marekani kumtazama binti yangu anayeishi Jacksonville, katika jimbo la Florida. Siku moja akaniambia, "Baba, leo nitakupeleka mahali utadhani uko nyumbani." Tukaenda kwa motokaa upande wa kusini, mwendo wa saa moja hivi, mpaka mji wa St. Augustine.

Mji huo uliasisiwa na Wahispania mwaka 1565, yaani miaka 28 kabla ya Wareno kuanza kuijenga Fort Jesus yetu mwaka 1593. Kwa hakika sikujiona mgeni. Kuna vichochoro, kuna roshani za mbao, na kuna ngome inayoikabili bahari, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1672. Ngome hiyo imejengwa kwa jiwe lililofanywa na makombe ya pwani yaliyogandamana, jiwe ambalo ni kama ndugu wa matumbawe yetu. Nikaupapasa ukuta wake nikacheka peke yangu.

Katika mtaa wa St. George kuna nyumba ya kale iitwayo Nyumba ya Avero, kwa jina la ukoo wa Kihispania uliokuwa ukiimiliki katika karne ya 18. Leo nyumba hiyo ni mahali patakatifu pa Wakristo wa Kiothodoksi wa asili ya Kigiriki. Kanisa lao liliinunua katika miaka ya 1960, likaitengeneza upya, na mwaka 1982 likaifungua rasmi kuwa ziara, kama tunavyosema sisi pwani. Imepewa jina la Mtakatifu Photios, lakini wanaokumbukwa ndani yake hasa ni wahamiaji wa kwanza wa Kigiriki waliofika Marekani kwa wingi, mwaka 1768.

Nilisita mlangoni, sitaficha. Nikamwambia binti yangu nitamngojea nje. Akanijibu kwamba vyumba vya mbele ni vya makumbusho tu, na kwamba historia haina dini. Nikaingia.

SAFARI YA MWAKA 1768

Habari zenyewe ni hizi. Mwaka 1763 Wahispania waliitoa Florida kwa Waingereza baada ya vita. Ikawa nchi kubwa isiyo na watu wa kuilima kama Waingereza walivyotaka. Akatokea tabibu mmoja wa Kiskoti, Dk. Andrew Turnbull, ambaye alipata kukaa Smyrna, mji wa bandari ambao leo unaitwa Izmir, nchini Uturuki. Mkewe, Gracia Maria Rubini, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Kigiriki wa huko. Turnbull akafikiri kwamba watu wa bahari ya Mediterania wamezoea jua, basi wao ndio watakaoweza kulima Florida. Yeye na wenzake wakapewa makumi ya maelfu ya ekari, na shamba akaliita New Smyrna, kwa heshima ya mji wa mkewe.

Kisha akaenda kutafuta watu. Aliwapata Wagiriki wapatao 500, wengi wao kutoka milima ya Mani, na wengine kutoka Smyrna na visiwani. Wakati ule nchi yao ilikuwa chini ya dola ya Uthmania, na umaskini wa milimani ulikuwa mkubwa. Akachukua pia Waitaliano, Wakorsika, na watu wengi wa kisiwa cha Minorca. Waliambiwa maneno matamu. Watamtumikia bwana kwa miaka kadhaa, kisha kila mwenye jamaa atapewa kipande chake cha ardhi. Ni nani mwenye njaa asiyeitikia?

Jumla walikuwa watu 1,403, katika majahazi manane. Wakaondoka Mediterania mwezi wa Aprili mwaka 1768. Watu 148 walikufa njiani wakatupwa baharini. Waliosalia wakafika na kukuta mambo hayakutayarishwa. Nyumba hazikutosha, chakula hakikutosha, ardhi ilikuwa msitu na kinamasi, na mbu walikuwa wengi kupita kiasi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekufa watu 450, watu wazima 300 na watoto 150. Wengine waliuawa na homa, wengine na njaa na kiseyeye.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo baadhi yao waliasi, wakiongozwa na Mwitaliano Carlo Forni. Walivunja ghala, wakateka jahazi, wakataka kutoroka. Askari wakaletwa, wakakamatwa. Watu watano walihukumiwa kufa. Wawili waliuawa, akiwamo Forni. Wa tatu akaambiwa atasamehewa kwa sharti moja, kwamba yeye mwenyewe awe mnyongaji wa wenzake wale wawili. Niliposoma habari hiyo ukutani, binti yangu aliyekuwa akinifasiria alinyamaza, nami sikumhimiza aendelee.

RANGI YA KANIKI

Sasa walikuwa wakilima nini huko? Walilima mnili. Sisi watu wa pwani tunaijua nili. Ndiyo rangi ya buluu nzito iliyotiwa katika kaniki walizovaa bibi zetu, za shambani na za msibani. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua inavyopatikana. Majani ya mnili hukatwa na kuloweshwa katika mapipa makubwa mpaka yavunde. Maji yake huhamishiwa pipa jingine na kupigwapigwa kwa makasia muda mrefu. Hapo rangi hugeuka ikawa buluu na kuzama chini kama matope. Matope hayo huchujwa, hukaushwa na kukatwa vipande vya kuuza. Kazi hii inanuka vibaya sana, na inavuta nzi kila upande. Waingereza waliitaka nili kwa viwanda vyao vya nguo, na New Smyrna iliipeleka Uingereza kwa wingi. Kwa hiyo shamba lilifaulu, ila wenye kulifanyia kazi wakawa wanateketea. Miaka ya ahadi ilipotimia, ardhi waliyoahidiwa haikupatikana kama walivyoambiwa.

Mwaka 1777 baadhi yao walikwenda kwa siri mpaka St. Augustine kumshitakia gavana, Patrick Tonyn. Gavana akawafungua na mikataba yao. Wema wake haukuwa mtupu, kwa kuwa yeye na Turnbull walikuwa mahasimu wa siasa. Lakini mwenye kuzama haulizi kamba imesokotwa na nani. Watu mia sita hivi waliobaki hai wakafunga virago, wakaacha shamba, wakatembea kwa miguu kama kilomita 110 mpaka mjini. Walikuwa chini ya nusu ya wale walioondoka kwao. Walipewa viwanja upande wa kaskazini wa mji, na huko wakaanza maisha upya.

Na hapo ndipo Nyumba ya Avero inapoingia katika kisa. Nyumba hiyo ilitumika kuwa mahali pao pa ibada, wakiongozwa na Padri Pedro Camps wa Minorca aliyekuja nao tangu mwanzo. Camps alikuwa Mkatoliki. Wagiriki hawakuwa na kasisi wa madhehebu yao wenyewe, basi waliswali pamoja na wenzao, wakaoana nao, na watoto wao wakakua Wakatoliki. Mmoja wao, Ioannis Giannopoulos wa Mani, jina lake likageuzwa midomoni mwa Wahispania likawa Juan Genopoly, na nyumba yake ya mbao ingaliko mtaani pale, watalii huionyeshwa kuwa skuli kongwe.

KWA NINI WALIIJENGA

Ndani kabisa ya nyumba ile kuna kikanisa kidogo chenye matao, na kuta zake zimechorwa watakatifu kwa rangi na dhahabu. Mimi nilisimama kizingitini. Aliyepewa heshima ya jina, Photios, alikuwa Patriaki wa Kostantinia, mji ambao leo ni Istanbul, katika karne ya 9. Alikuwa mwanachuoni mkubwa wa zama zake. Yeye mwenyewe aliandika kwamba aliteuliwa kwenda na ujumbe kwa "Waashuri", na wanachuoni wengi hufahamu kwamba kusudio lake ni dola ya Kiislamu ya Banu Abbas. Alipata kuondolewa madarakani mara mbili, na mwisho akafia uhamishoni. Nikaona kwamba waliochagua jina hilo hawakukosea. Mfu wa ugenini amewekwa awaangalie wafu wa ugenini.

Lakini lililonishangaza zaidi lilikuwa jambo jingine. Walioinunua nyumba ile si wajukuu wa wale waliokufa. Wajukuu hao wapo mjini, lakini kwa miaka mingi wamejulikana kwa jina la Waminorca, na ni Wakatoliki. Walioijenga ziara ni Wagiriki wengine kabisa, ambao wao au baba zao walihamia Marekani karne nzima na zaidi baada ya mkasa wa New Smyrna. Hawana damu nao wala hawakuwakuta. Walisema tu, hawa walitutangulia, basi ni wetu.

Nilimuuliza binti yangu kama hilo ni jambo la haki. Je, si rahisi mtu akishatajirika katika nchi ya watu kujitafutia wafu wa zamani, ili ajionyeshe kwamba naye ni mkongwe wa nchi? Akaniambia, "Baba, pengine. Lakini bila wao, nani angemtaja mtoto wa Mani aliyekufa kwa homa?" Sikuwa na jibu siku hiyo.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Ziara haikuwekwa kule shambani walikokufa watu kwa mamia. Imewekwa mjini, pale waliposalimika, chini ya paa la kwanza lililowapa amani. Nalo hilo nililipita bila kulitafakari, mpaka niliposimama Kithyoko.

Wala si haki nikaficha kwamba mji ule una wageni wengine wa lazima. Mwaka 1738 Wahispania waliwapa Waafrika waliotoroka utumwa katika mashamba ya Waingereza mahali pao pa kukaa, karibu na mji, pakiitwa Fort Mose. Hao walikuwa huru miaka 30 kabla ya jahazi la kwanza la Turnbull. Zamani ukifika St. Augustine usingesikia habari zao, na leo pahali hapo panahifadhiwa na kuzuriwa. Kumbukumbu nayo ina zamu.

WAGIRIKI WA KWETU

Msomaji ataniuliza, na Wagiriki wa Afrika Mashariki je? Kuna uzi unaotuunganisha na Florida, nao ni uzi wa mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida hiyo hiyo. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kwa miche hiyo 62 ikaenea mikonge ya Tanga na Morogoro. Wagiriki walifika Tanganyika tangu wakati wa Wajerumani, wengi kwa kazi za kujenga reli, kisha wakaingia katika kilimo, na baada ya Vita vya Kwanza wakawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa mkonge.

Wao hawakuja kama wale wa New Smyrna. Safari hii Mgiriki ndiye aliyekuwa bwana shamba. Mmoja wao, George Arnautoglu, alitoa fedha za kujenga ukumbi pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, na katika ukumbi huo wa Arnautoglu vijana wa TAA na baadaye TANU walifanya mikutano yao ya kudai uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliyachukua mashamba mengi ya mkonge, na Wagiriki wengi wakaondoka.

Basi linganisha, msomaji. Wagiriki matajiri wa Tanganyika wametuachia ukumbi. Wagiriki maskini wa Florida wamejengewa ziara. Na wale manamba waliokata mkonge, walioletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakalazwa kambini na wengine kuzikwa huko huko shambani, wao wamejengewa nini? Hao ndio wanaofanana na watu wa New Smyrna kwa hali na kwa mauti. Bado sijasikia nyumba iliyofunguliwa kwa jina lao.

KURUDI KITHYOKO

Hayo yote yalinipita akilini nikiwa kando ya lami. Yule susu aliniona nimeduwaa, akaniambia twende nyumbani nikanywe uji. Tulipoketi kivulini akaanza kusimulia bila kuulizwa.

Babu hakufia katika lori. Mama yake susu alimwona anatetemeka, akamtoa katika mvua, akamlaza katika kibanda cha ghala, penye ukavu. Kwa siku nne alimpikia uji. Hawakujuana lugha vizuri. Babu alikuwa akisema maneno ambayo mtoto yule hakuyafahamu, ila neno moja lilikuwa likirudiwa rudiwa mpaka leo analikumbuka: "Yarabi, Yarabi." Alipofariki, mama yule hakujua desturi zetu, basi aliwaita wasafiri waliovaa kofia kama yake. Wao walipokuwa wakichimba kaburi, yeye alikaa kando na wanawe mpaka kazi ikaisha.

Kisha susu akaniuliza, "Ile kofia nyeupe, ilifika?"

Nikamwambia ilifika.

"Mama aliifua," akasema. "Ilikuwa na tope. Alisema haiwezi kurudi kwao na tope."

Hapo, ndugu msomaji, machozi yalinitoka mbele ya mtu nisiyemjua. Maana kofia hiyo ilikuwa fumbo la nyumba yetu. Utingo alisimulia tope na mafuriko, lakini kofia ilifika safi, imekunjwa vizuri. Marehemu nyanya yangu alikuwa akiitoa sandukuni, akiinusa, akisema, "Imerudi imefuliwa. Hakufa peke yake." Sisi wajukuu tulidhani ni maneno ya kujiliwaza. Kumbe nyanya alijua kusoma kofia kuliko sisi tunavyosoma vitabu.

Nikarudi Mombasa nikawakuta ndugu zangu wanangoja. Niliwaambia kwamba kaburi halipo la kujengewa wala la kuachwa. Ugomvi wetu ulikuwa juu ya kitu ambacho barabara imekwisha kukiamua. Dada alilia. Kisha nikawaeleza habari za Nyumba ya Avero, na jinsi watu wale walivyoweka kumbukumbu yao pale walipopewa hifadhi, wala hawakuiweka juu ya makaburi. Nikawaeleza pia shaka yangu ya tangu siku ile ya Florida, kwamba jiwe lenye jina la babu pengine lingekuwa la kutupamba sisi kuliko kumfaa yeye.

Ndugu yangu maalim alinyamaza kitambo. Halafu akatukumbusha kisa cha sahaba Saad bin Ubada, aliyechimba kisima kiwe sadaka kwa ajili ya mama yake marehemu, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba maji ndiyo sadaka bora. Na Kithyoko, kama nilivyoona kwa macho yangu, maji huuzwa kwa mtungi juu ya mgongo wa punda.

Tukachangishana. Mwaka 2024 likawekwa tangi kubwa la maji ya mvua penye uwanja wa susu, karibu na barabara, na bomba mbili. Moja ni ya watu wa nyumba na jirani zake, na moja ya kila msafiri apitaye, awe Mwislamu au si Mwislamu. Dada aliuliza kama tutaandika jina la babu. Tulishauriana sana. Mwisho wa mambo hatukuandika jina la babu, wala hatukuandika la ukoo wetu. Ila dada mwenyewe alishika brashi akaandika maneno haya, nayo ndiyo yaliyopo mpaka leo: "Sadaka ya mgeni aliyepokewa hapa, 1961."

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Florida mwenyeji aliwaita wageni ili yeye apone, na wageni wakateketea. Hapa Kithyoko mwenyeji hakuwa na lake, alitoa uji na kibanda na akafua kofia. Kama ni kujenga ziara, ndugu zangu, wenyeji kama huyo nao wanastahili kukumbukwa, wasikumbukwe wageni peke yao. Nawe msomaji, ukipita njia ya Garissa ukasikia kiu, simama unywe. Kisha utuombee babu yetu, na umwombee kheri yule mama wa Kikamba na kizazi chake. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye kila mmoja amelala wapi.